Miguu Mitatu Jikoni

Jumatatu, 3 Machi

Mvua zimeanza, na mimi nimejikwaa tena kwenye stendi ya kamera ya wifi. Birika la chai nusura linimwagikie miguuni. Naanza kuandika humu kwa sababu nyumba hii haina mtu wa kumlalamikia: mume wangu ni mdogo wake, na mwanangu anampenda shangazi yake kuliko anavyonipenda mimi niliyemzaa.

Wifi alikuwa na studio ya picha za pasipoti, mpaka simu zilipomnyang'anya wateja wote. Akafunga, akaja kwetu Januari na begi moja la nguo na masanduku ya vifaa. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakusubiri kupewa. Siku ya tatu alisimamisha kamera yake dirishani jikoni, akatia alama tatu za rangi ya kucha sakafuni pale miguu ya stendi inapokanyaga, akatangaza kwamba pasiguswe. Rangi yenyewe ya kwangu.

Leo nimemuuliza itaondoka lini.

"Mvua zikiisha naiondoa," amesema.

"Mimi nitakukumbusha, wifi."

"Najua utanikumbusha."

Jumatano, 5 Machi

Anachopiga ni ukuta. Kila asubuhi baada ya chai, picha moja, basi. Ni ule ukuta mrefu wa mawe ulioshikilia udongo wa barabara ya juu, na chini yake kuna chekechea anakosoma mwanangu, ambaye mtaa mzima unamwita Pilipili kwa sababu ya mdomo wake. Kutoka dirishani kwetu ukuta unaonekana kwa ubavu, kama mtu aliyepanga foleni.

Nimemuuliza ana mpango gani na ukuta, au anataka kuuposa. Amesema mkono uliozoea kupiga picha kila siku ukilala unakufa ganzi, na ukuta ndio mteja pekee asiyedai apunguziwe pua.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Nguo hazikauki.

Jumanne, 11 Machi

Pilipili amerudi na habari kwamba ukuta wa shule unatoka jasho. Nimekwenda kuona. Kweli maji yanachuruzika katikati ya mawe, na ufa mmoja umeshuka kutoka juu hadi usawa wa dirisha la darasa. Mwalimu, mama mwenye chekechea yake, ameniambia amekwisha kumwita injinia wa halmashauri. Wazazi waliokuja kuchukua watoto walitusomea ile methali ya ufa na ukuta, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kana kwamba ameitunga yeye asubuhi ile.

Alhamisi, 13 Machi

Injinia amekuja. Kijana mstaarabu, viatu vimejaa tope la kuta nyingine. Aliugonga ukuta kwa nyundo ndogo, akasikiliza, akachungulia matundu ya kutolea maji, akapanda mpaka barabarani akashuka. Mimi na wifi tulikuwa tumesimama na Mwalimu.

"Huu ufa hapa ni wa lipu ya juu," alisema. "Kuta nyingi za umri huu zina nyufa na bado zitasimama mpaka zituzike sisi sote. Mimi ninachoogopa ni mwendo. Ukuta ukianza kutembea, hiyo ni habari nyingine. Lakini nauona leo tu. Siwezi kujua jana ulikuwa wapi."

"Mimi najua jana ulikuwa wapi," wifi akasema. "Na juzi. Na siku zote tangu Januari."

Nilitamani ardhi inimeze. Injinia hakucheka. Aliuliza kamera inakaa wapi, inasimamiaje, picha zinapigwa saa ngapi. Halafu akasema, "Mama, nina kuta nyingi kwenye orodha, na kila moja ina watu chini yake. Picha moja moja sitaweza kuzipitia. Nigeuzie ziwe video, nizione zikipita kwa mfululizo. Ukuta ukiwa unatembea, nitauona."

Wifi akanitazama. Ana kamera, hana kompyuta. Mimi ndiye mwenye kompyuta, kwenye duka langu la kadi za mialiko na fulana. Jembe nililotaka kumpa mgeni limerudi mkononi mwangu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeanza kutafuta programu ya kugeuza picha kuwa video. Nilidhani ni kazi ya kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Ziko nyingi kama wachumba wa binti tajiri, na kila moja inajisifu.

Ya kwanza ilikubali picha zote bila kununa, ikazipanga vizuri, halafu ikabandika jina lake kwa herufi kubwa katikati, juu ya ukuta wenyewe. Ukuta hauonekani, jina linaonekana. Nimeifuta.

Jumatatu, 17 Machi

Ya pili ni ya simu. Hii ina mbwembwe. Kila picha inasogezwa karibu, inarudishwa nyuma, inateleza upande huu na ule, na gitaa linapigwa chini kwa chini. Pilipili amecheza mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka. Mimi nilijisikia fundi.

Wifi alitazama mpaka mwisho mikono ameifunga kifuani.

"Kila kitu kinatembea," akasema. "Sasa nitajuaje kilichotembea chenyewe?"

Nilikasirika. Nilimwambia mume wangu dada yake hana jema. Akasema, "Ndivyo alivyo," akaendelea kula. Huyo ni fundi wa friji, ameshazoea vitu baridi.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua haijakatika tangu juzi.

Ya tatu ndiyo inayosifiwa kuliko zote. Ukiipa picha mbili inabuni yenyewe zinazopita katikati, mpaka mwendo uwe laini kama maziwa. Nimeijaribu dukani, nikaita majirani waje waone. Tawi la mti lilipepea, mawingu yalitiririka. Jioni nikamwonyesha wifi, akaniambia nisimamishe hapo. Aliweka kidole kwenye kioo. Katikati ya ukuta palikuwa na mmea umetambaa, una majani na kila kitu.

"Hii picha ni ya nani?"

"Ni ya kwako, wifi."

"Sikuipiga hii."

Nikamweleza kwamba programu inakisia. Alisikiliza kwa heshima. Kisha akanisimulia habari ya bwana mmoja aliyekuja studioni kwake miaka hiyo, akataka afutiwe kovu la shavuni kwenye picha ya pasipoti. Akamkatalia. Bwana akaenda kwa mpiga picha wa mtaa wa pili, akafutiwa, na mpakani akazuiwa kwa sababu sura iliyokuwa kwenye karatasi haikuwa yake. "Alirudi kwangu," wifi akasema, "na kovu lake."

Nimeifuta na hiyo, kwa shingo upande. Ilikuwa nzuri.

Ijumaa, 21 Machi

Wifi amepata msiba wa rafiki yake wa zamani, amesafiri. Ameniachia kamera. Maagizo yake: miguu ikae kwenye alama, fremu ya dirisha letu ionekane upande wa kushoto wa picha, nisiguse kitu kingine.

Jumamosi, 22 Machi

Nimepiga picha ya leo. Nilidhani ni kubonyeza tu. Kumbe kuirudisha kamera mahali pake, usawa ule ule, kunakutaka ushike pumzi. Nimeirudia mara kadhaa, na chai yangu imepoa. Yeye hufanya hivi kila siku huku akijibizana na Pilipili, na sikuwahi kuona kama ni kazi.

Jumatatu, 24 Machi

Nimempata. Mchumba wa nne ndiye.

Tatizo la picha zetu ni kwamba zinarukaruka kidogo, kwa kuwa kamera inarudishwa kwa mkono kila asubuhi. Programu hii ina kitufe cha kutuliza mtikisiko. Ukikibonyeza, inatafuta kitu kikubwa kilichomo pichani, inakishikilia pale pale, na video yote inatulia. Haina jina la kubandika, haina gitaa, haibuni majani. Nimeona ile fremu nyeusi ya dirisha upande wa kushoto inaharibu sura, nikaikata, nikauacha ukuta ujae. Kazi ya macho, hiyo ni fani yangu.

Nimeitazama nikaridhika sana. Ukuta umesimama kama askari kwenye gwaride, kutoka Januari mpaka jana. Sikujua kwamba muda wote huo nilikuwa naogopa.

Alhamisi, 27 Machi

Mkutano wa wazazi, chekechea. Injinia alikuja pia. Tuliiweka video kwenye televisheni ya Mwalimu, watoto wakiwa nje uwanjani, chini ya ukuta huo huo. Ilipoisha watu walipiga makofi. Kinyozi, baba wa mapacha, akasema, "Ukuta huu umesimama imara kuliko ndoa zetu," na wazazi wote wakaangua kicheko. Injinia alinishukuru, akasema atashughulikia kwanza kuta zilizo na hali mbaya zaidi. Mwalimu alinikumbatia. Nilitembea kurudi nyumbani katika mvua bila mwavuli na sikujali.

Ijumaa, 28 Machi

Sitaki kuandika lakini niandike.

Wifi amerudi leo mchana. Hata mizigo hajaitua vizuri nikamkalisha mbele ya kompyuta, nikitegemea angalau leo atasema neno zuri. Aliitazama. Akaomba aitazame tena. Nje mvua inapiga, Pilipili anaimba.

"Dirisha langu liko wapi?"

"Nimelikata, wifi. Lilikuwa linaharibu."

"Nilikwambia lionekane."

"Nilidhani ni kwa ajili ya kupanga kamera tu."

"Lirudishe."

Hakupandisha sauti. Nimelirudisha. Nikabonyeza, na sote wawili tukaona. Ukuta ulisimama vile vile, umetulia, hauna neno. Lakini dirisha letu lilikuwa linatembea. Fremu ile nyeusi ilianza wima, ikainama, ikaingia ndani ya picha kidogo kidogo kama mtu anayechungulia mlangoni.

Nikauliza swali la kipumbavu. Niliuliza kama nyumba yetu inaanguka.

"Nyumba yetu haijaenda popote," wifi akasema. "Ondoa hicho kitufe chako."

Nimekiondoa. Picha zikaanza kurukaruka tena, mbaya kuzitazama, na humo ndani ya kurukaruka dirisha limesimama, na ukuta unainama. Januari wima. Februari wima. Tangu mvua zianze, juu yake inakuja mbele, inakuja, kama mzee anayesinzia kwenye kiti. Unainamia paa la darasa la mwanangu.

Studioni kwake, ameniambia, nyuma ya kiti cha mteja palikuwa na msumari ukutani, na hakuwahi kupiga picha bila msumari ule kuonekana pembeni. Mteja anatikisika, kamera inateleza, msumari hauendi popote. Ukiutazama unajua nani amesogea. Hapa kwetu msumari wake ni dirisha. Mimi nikaukata kwa sababu haupendezi, kisha nikaiambia programu iushikilie ukuta usisogee, na kisha nikasimama mbele ya wazazi wote na kuwaonyesha kwamba hausogei.

Nimelia jikoni. Naogopa na naona aibu, na sijui ipi imezidi. Wifi hakunibembeleza. Aliniambia nikanawe uso kwani kuna kazi.

Jumamosi, 29 Machi

Nimefunga duka, tumeshinda kwenye kompyuta sisi wawili. Programu tuliyoichukua ni ya tano, ya zamani, sura yake mbaya kama fomu ya serikali. Haina kitufe hata kimoja cha kupendeza. Unaiandikia jina la folda, unaiambia kila picha ikae kwa muda gani, inazipanga kama zilivyo na kunyamaza. Niliipita wiki zilizopita nikaiona mshamba.

Kurukaruka tumekuondoa wenyewe. Nilifungua picha moja moja, na wifi akakaa kando yangu akisema, "Kulia kidogo. Basi. Shusha. Basi," mpaka fremu ya dirisha ikalingana na ya picha iliyotangulia. Ukuta hatukuugusa. Macho yake ni mazuri ajabu. Nilikuwa nikidhani tumelingana, anasema bado, nikikuza picha naona kweli bado. Kufika mchana nikaacha kubishana.

Nilichokigundua kati ya Januari na Machi ni hiki: mpaka aliposafiri, hakuna siku aliyokosa. Ile siku aliyoumwa homa tukamwambia alale, picha ipo. Siku tuliyogombana kwa ajili ya bafu asiongee na mtu, picha ipo, na ni sawa na nyingine zote, hasira haimo. Nimeishi na mtu huyu nyumba moja na nilimwona kama kikwazo cha kupita na birika.

Video imekwisha. Inatisha.

Jumapili, 30 Machi

Simu ya injinia haipatikani. Mvua.

Jumatatu, 31 Machi

Tumemfuata ofisini. Pilipili nimemwacha nyumbani na baba yake, na nilipompitia Mwalimu nimemwomba asiwaruhusu watoto kuchezea upande wa ukuta, sikumwambia zaidi kwa kuwa nilitaka injinia ndiye aseme.

Aliitazama amesimama, akaitazama ameketi, halafu akaweka kalamu kwenye kioo kando ya ukuta, akairudisha video mwanzo na kuiacha ipite. Ukuta uliiacha kalamu.

"Mbona wiki iliyopita ulikuwa umesimama?"

Nilimweleza kila kitu, kitufe na mkasi wangu. Nilitegemea anifokee. Akafuta miwani yake, akasema, "Hata mimi niliipenda ile ya kwanza. Ilinipa jibu nililolitaka." Kisha akachukua koti. Mpaka mchana alikuwa chekechea na vyombo vyake vya kupimia, na kabla ya watoto kwenda nyumbani ametoa amri ya kuhama.

Mwalimu hakubisha. Alikaa kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti yamefika kidevuni, akasema wazazi wakishawapeleka watoto shule nyingine hawarudi, na yeye kazi nyingine haijui. Na ni kweli.

Nilipofika nyumbani nikasimulia. Mume wangu alimaliza kula, akanawa mikono, akatoka. Baadaye nikasikia vishindo uani. Alikuwa anasukuma mafriji mabovu ya watu kutoka kwenye karakana yake na kuyapanga chini ya turubai. "Humu wataenea," akasema. "Kuna harufu ya gesi kidogo. Nitafungua madirisha, nitasugua." Nimeolewa na mtu huyu kwa miaka, na leo nimemtazama upya. Tabia hizi kumbe ni za ukoo.

Jumanne, 1 Aprili

Mkutano mwingine. Pale pale chekechea, kabla ya kuhama.

Tuliwaonyesha video mpya. Hakuna aliyepiga makofi. Kinyozi akasimama. "Shemeji, wiki iliyopita ulituonyesha umesimama. Leo unatuonyesha umeinama. Wiki ijayo utatuonyesha umelala? Kompyuta ni yako, unaufanya unavyotaka."

Nikasema kosa ni langu. Nikajaribu kueleza habari za kutuliza mtikisiko, nikaona nyuso zinanipotea moja baada ya nyingine. Wifi ndiye aliyeinuka. Alimgeukia kinyozi.

"Baba Mapacha, ukimnyoa mtoto anayetikisa kichwa unafanyaje?"

"Namshika kichwa."

"Akitikisika mwili?"

"Atikisike tu, mimi nimeshika kichwa. Kichwa hakiendi."

"Mtu akichungulia kutoka mlangoni akaona kichwa tu, atasema nini?"

Kinyozi alifikiri. "Atasema mtoto ametulia."

"Basi ile programu ya video ya kwanza iliushika ukuta kichwa."

Kisha akatuambia tuziweke video zote mbili, moja kando ya nyingine, na dirisha likiwemo kwenye zote. Hakuongeza neno. Watu walitazama. Kinyozi alisogea mbele mpaka pua ikakaribia televisheni, akarudi nyuma, akavua koti, akanyanyua meza mbili za watoto kwa mpigo na kutoka nazo mlangoni. Wengine wakamfuata.

Nilimtazama wifi amesimama pale na kiremba chake kimelowa. Namhusudu mwanamke huyu. Nimeandika, isije kesho nikajifanya sikuandika.

Ijumaa, 4 Aprili

Chekechea imehamia uani kwetu. Kelele haisemeki. Ukuta upo.

Jumatatu, 7 Aprili

Ukuta upo. Injinia amezungusha uzio, amefunga barabara ya juu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua imepungua, jua limetoka mchana kutwa. Ukuta upo, na ukiupita hivi hivi unaona ni ukuta tu. Wenye maduka wa barabara ya juu wamekuja kuniuliza ni lini nitawafungulia njia yao, kana kwamba ufunguo ninao mimi. Mzazi mmoja amemhamisha mtoto. Mwalimu hakuniambia, nimeona kiti kitupu.

Jumamosi, 12 Aprili

Ukuta upo. Nimemuuliza wifi kama huenda tumekosea. Alikuwa anapiga picha, akanionyesha kwa kidole nikae kimya, akamaliza.

"Mimi sisemi utaanguka," akasema. "Sijawahi kusema. Nasema uko wapi leo."

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua imerudi kwa hasira. Mwingine amehamisha mtoto.

Alhamisi, 17 Aprili

Umeanguka.

Ilikuwa saa ya watoto kucheza. Nilikuwa dukani. Sikusikia mlio mkubwa kama nilivyodhani nitausikia, nilisikia kitu kama lori linamwaga kokoto, likamwaga, likamwaga, halikomi. Nikajua. Nilikimbia nyumbani ingawa najua mwanangu hayuko kule, nilikimbia miguu haijui kwamba hayuko kule. Uani watoto wote walikuwa kwenye karakana, Mwalimu amewakumbatia aliowafikia, na wengine wanauliza kwa nini mchezo umesimama. Pilipili alikuwa amepanda juu ya friji bovu. Akaniambia, "Mama, ukuta umelala." Nilimshika mpaka akalalamika.

Kule chini, darasa halipo. Paa limekunjwa, na pale penye bembea kuna mawe na udongo mwekundu na maji yanapita juu yake. Hakuna aliyeumia. Hakuna hata mmoja. Kinyozi alikuja mbio na kitambaa cha kunyolea bado kiko begani, akawapapasa mapacha wake vichwa, akakaa chini kwenye tope.

Nilipanda jikoni. Wifi alikuwa dirishani, kando ya kamera, mikono imening'inia. Nilimuuliza kama ameipata picha ya ukuta ukianguka.

"Sikupiga."

"Ulikuwepo hapa?"

"Nilikuwepo. Nimeuona wote." Akaigeukia kamera. "Niliisahau kamera, wifi yangu. Nilikuwa natazama kama kuna mtu."

Tangu aje hakuwahi kuniita wifi yangu. Tulishikana pale jikoni, yeye, mimi na ile stendi katikati yetu, na hatukuiondoa.

Ijumaa, 18 Aprili

Asubuhi, baada ya chai, amepiga picha moja. Kifusi.

Jumanne, 29 Aprili

Waliohamisha watoto wamewarudisha. Injinia amekuja kunywa chai. Ameomba ile programu mbaya, nikamwandikia jina lake. Amesema ana kuta nyingine, na anatafuta watu wenye madirisha.

Jumatano, 14 Mei

Mafundi wameanza kuchimba msingi wa ukuta mpya. Mvua za manyunyu tu.

Jumatatu, 19 Mei

Jua siku ya tatu mfululizo. Nguo zimekauka mpaka zimekuwa ngumu.

Nimerudi kutoka dukani nikaingia jikoni, nikachukua birika, nikapita kwa ubavu nimeinua kiwiko kama kawaida. Nilipofika dirishani ndipo nikaona kwamba hakuna kitu nilichokwepa. Stendi haipo. Jiko limekuwa kubwa, limepwaya. Sakafuni alama tatu za rangi ya kucha zimefifia kwa kupigwa deki.

Ametimiza ahadi. Mvua zimeisha, ameiondoa, na mimi wala sikuhitaji kumkumbusha. Niliikuta chumbani kwake imefungwa kamba juu ya sanduku. Alikuwa kitandani anamsuka Pilipili.

"Nimekuachia jiko lako," akasema bila kuinua macho.

Niliibeba stendi, ni nzito kuliko nilivyofikiri, nikarudi nayo jikoni. Kwanza nilichukua kichupa kipya cha rangi ya kucha, nikapiga magoti, nikazipaka upya alama zote tatu, nikangoja zikauke. Kisha nikaisimamisha. Nikasogea nyuma kutazama. Kule ng'ambo mafundi walikuwa wanapanga mawe ya kwanza.

Wifi alikuja mlangoni, kitana mkononi, Pilipili nyuma yake nywele nusu zimesukwa.

"Mvua zimeisha," akasema.

"Ukuta mpya unajengwa," nikamwambia. "Nani atajua jana ulikuwa wapi?"

Akaingia, akainama, akatazama sakafuni kwa yale macho yake.

"Mguu wa kushoto," akasema, "umetoka nje ya alama."

Nilitazama. Kweli ulikuwa umetoka. Nimeurudisha.